Reli Haijengwi kwa Haba na Haba

Kijiko, ule mtambo wa kuchimba udongo, kilikuwa kimesimama ukingoni mwa mto, mkono umekunjwa, meno ya bakuli yamezama kwenye udongo uleule kilipoachia kuchimba wiki tano nyuma. Kijiko kinachofanya kazi meno yake hung'aa kama kisu, kwa kusuguana na mawe kutwa nzima. Haya yalikuwa yameota kutu nyekundu. Dereva alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha mtambo wake, kofia usoni. Nami nilisimama kando yake na daftari, nikiandika nilichoandika jana na juzi: kijiko kimoja, saa nane, kimesimama; pampu mbili, saa nane, zimesimama; mafundi nondo tisa, wapo, hawana kazi.

Nilikuwa mkadiriaji majenzi kijana, mtu wa kupima kazi na kukokotoa gharama zake, upande wa mkandarasi, kwenye mradi wa daraja la barabara. Mshitiri wetu, yaani mwenye mradi, alikuwa taasisi ya umma. Cheti cha malipo cha tatu kilikuwa mezani kwao, kimesainiwa na mhandisi mshauri, kimepigwa muhuri, pesa hakuna. Hakuna aliyeiba, na nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia gharama za mradi wa umma zimepanda, mawazo yao hukimbilia wizi kwanza. Fungu la mwaka ule lilikuwa limekwisha, na fungu la mwaka uliofuata lilikuwa halijapitishwa. Basi.

Pesa ilipokuja, tuliipokea tukiwa na madai mkononi: saa za mitambo iliyosimama, mishahara, riba ya malipo yaliyochelewa, nondo kwa bei mpya, na shimo la msingi ambalo mto ulikuwa umelifukia ikabidi lichimbwe upya. Madai yalikuwa halali, kila dai na kifungu chake kwenye mkataba. Yalilipwa. Daraja halikuongezeka hata sentimita moja kwa pesa ile.

Sote tumelelewa na msemo wa haba na haba hujaza kibaba. Kwa akiba ya mtu nyumbani kwake ni kweli tupu. Kwa ujenzi mkubwa unaolipwa na umma, haba na haba hutoboa kibaba. Nimekuwa nikifuatilia reli za mwendo kasi kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna kazi nyingine inayoonyesha jambo hili kwa ukubwa kiasi hicho. Kila ninaposoma kwamba reli fulani imepanda bei maradufu, namtafuta yule dereva aliyelala kivulini. Karibu kila mara namkuta.

Nianze na California, maana huko kila kitu kiko hadharani na kimeandikwa.

Novemba 2008 wapiga kura wa jimbo hilo waliulizwa kama wanakubali jimbo likope dola bilioni 9.95 kwa hatifungani, ili kuanza reli ya mwendo kasi kati ya San Francisco na Los Angeles. Wakakubali. Gharama ya njia nzima ilikadiriwa kuwa karibu dola bilioni 33, na treni zilitarajiwa kuanza mwaka 2020. Sheria yenyewe iliandikwa na watu waliojali: safari ya moja kwa moja isizidi saa mbili na dakika arobaini, na treni zikianza zijiendeshe bila ruzuku. Lakini piga hesabu. Kati ya ule mkopo, bilioni 9 ndizo za reli yenyewe. Mradi wa bilioni 33 ukaanza na bilioni 9. Zilizobaki zingetoka serikali kuu ya Marekani na kwa wawekezaji binafsi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ametia saini.

Serikali kuu ilitoa kiasi mwaka uliofuata, kupitia mpango wa kuokoa uchumi uliokuwa umeyumba: karibu dola bilioni 2.5, na nyingine karibu bilioni moja baadaye. Zile bilioni 2.5 zilikuja na tarehe shingoni. Zisipotumika hadi mwisho wa Septemba 2017, zinarudi. Hapo ndipo mwendo ulipoharibika. Mkataba wa kwanza wa ujenzi, wa karibu dola bilioni moja kwa kipande cha Madera hadi Fresno, ulisainiwa mwaka 2013 wakati sehemu kubwa ya ardhi ya kipande hicho ilikuwa bado mikononi mwa wenyewe. Mkaguzi wa hesabu wa jimbo alikuja kuliandika wazi mwezi Novemba 2018: ujenzi ulianzishwa kabla ya ardhi kununuliwa, kabla ya makubaliano na wenye mabomba na nyaya kukamilika, na hilo liliongeza mamia ya mamilioni ya dola.

Mtu asiye wa fani anaweza kuliona jambo la karatasi tu. Hebu tulitazame kwa karibu. Bonde la kati la California ni nchi ya mashamba. Reli inakuja kwa mshazari na kukata shamba la lozi katikati. Upande mmoja kimebaki kisima na pampu, upande wa pili imebaki miti inayokunywa maji ya kisima hicho. Bomba la umwagiliaji lililokuwa likipita chini sasa linatakiwa lipite ndani ya tuta la reli, kwa hiyo linahitaji mfereji wa zege wa kulikinga. Trekta lililokuwa likigeuka mwisho wa mstari halina tena pa kugeukia. Mwenye shamba ana haki ya kulipwa kwa yote haya, na ana haki ya kubishia bei mahakamani. Zidisha shamba hilo kwa viwanja zaidi ya elfu mbili. Kisha ongeza bomba la gesi ambalo kwenye mchoro liko mita tatu kutoka lilipo kweli, nyaya za simu, na kampuni za reli za mizigo zenye njia yao jirani, ambazo zilitaka ujengwe ukuta wa kuzuia behewa lililoacha reli lisiangukie kwenye njia ya treni ya kasi. Kila moja ya hizo huzaa agizo la mabadiliko, yaani hati ya kubadili kazi na bei yake. Na wakati agizo linajadiliwa, kijiko kimesimama.

Makadirio yakawa yanapanda ngazi. Mwaka 2012 mpango uliopunguzwa ulisema dola bilioni 68.4. Mwaka 2023 njia nzima ilikadiriwa kati ya bilioni 88 na 128. Februari 2019 gavana Gavin Newsom alikuwa ameshatangaza kwamba kwanza kijengwe kipande cha bondeni, Merced hadi Bakersfield, kilomita 275 hivi. Kipande hicho peke yake kilikuja kukadiriwa zaidi ya dola bilioni 32, yaani bei iliyotajwa mwaka 2008 kwa njia yote.

Hapa nina neno moja la kifundi. Ukiona bei ya mradi, uliza ni bei za mwaka gani. Dola ya 2008 si dola ya 2030, na makadirio ya baadaye ya California yanahesabu kila dola kwa thamani ya mwaka itakaotumika. Sehemu ya ile tofauti ni mfumuko wa bei tu. Lakini hili haliponyi kitu, kwa sababu mfumuko nao umeingia kupitia mlango uleule wa kuchelewa. Reli iliyojengwa kwa miaka sita hulipa mfumuko wa miaka sita.

Na pesa ya kusubiri haikukoma kuwa pesa ya kusubiri. Mwaka 2019 serikali kuu ilifuta ruzuku ya dola milioni 929. Mwaka 2021 ikairudisha. Desemba 2023 ikaongeza bilioni 3.1. Julai 2025 ikafuta karibu bilioni 4. Fikiria uko kwenye kiti cha meneja wa mradi, unatakiwa uagize reli za chuma, nguzo za umeme na treni zenyewe, vitu vinavyoagizwa miaka kabla, na hujui kama mwaka kesho una pesa au huna. Utafanya anachofanya kila mtu mwenye akili timamu: utagawa kazi vipande vidogo, utasaini mikataba mifupi, kila mmoja na mkandarasi wake, kambi yake, bima yake na faida yake. Kila kipande kitakuwa ghali kuliko kama ungeagiza kwa pamoja. Hiyo ndiyo bei ya haba na haba.

Sasa kwa nini bei ya kwanza huwa ndogo kiasi kile? Kuna mzee mmoja wa Kijapani ambaye nimemfikiria sana.

Shinji Sogō alikabidhiwa shirika la reli la taifa la Japani mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 71. Yeye na mhandisi wake mkuu, Hideo Shima, walitaka kujenga kati ya Tokyo na Osaka njia mpya kabisa, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa inaamini kwamba zama za reli zimepita na zama za ndege na magari zimefika. Sogō alijua gharama ya kweli ingewatisha wabunge. Akapeleka makadirio ya takriban yeni bilioni 200, akijua hazitatosha. Kisha akafanya jambo la pili: akaomba mkopo Benki ya Dunia. Mkopo uliosainiwa mwaka 1961 ulikuwa dola milioni 80, sehemu ndogo tu ya gharama yote, lakini ulikuwa na nguvu kuliko thamani yake. Serikali iliyouwekea saini mkataba wa kimataifa haiwezi kubadili mawazo kirahisi baraza la mawaziri likibadilika.

Gharama ilifika yeni bilioni 380. Mwaka 1963 Sogō aliondoka madarakani, Shima akaondoka naye. Tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, treni ya kwanza ya Shinkansen, reli hiyo mpya ya mwendo kasi, iliondoka kituoni, na utepe ulikatwa na wengine.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushujaa: alidanganya kidogo, taifa likapata reli iliyobadilisha dunia. Naiheshimu reli ile kwa moyo wote. Hoja hiyo siikubali. Ujenzi ulianza Aprili 1959 na treni zikakimbia Oktoba 1964. Miaka mitano na nusu, kilomita 515. Hicho ndicho kilichomwokoa Sogō. Bei ilikaribia kuwa maradufu, lakini kazi ilikwisha kabla subira ya watu haijaisha, tarehe ya Olimpiki ilikuwa haisogei, na mkopo wa Benki ya Dunia ulikuwa umeifunga serikali mikono ikabidi iendelee kulipa. Waliomuiga walichukua makadirio yake madogo, wakaiacha ile miaka mitano na nusu.

Na wameigana kweli. Bent Flyvbjerg, mtafiti wa Denmark, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2002 uchunguzi wa miradi 258 ya usafirishaji. Miradi tisa kati ya kumi ilizidi makadirio, na reli ndiyo iliyoongoza, kwa wastani wa asilimia 45. Kwangu mimi mwenye kuishi kwa makadirio, kilichoniuma zaidi ni mwelekeo wa makosa hayo. Mtu anayekosea kwa kutojua hukosea pande zote mbili, mara juu mara chini. Makosa yanayoangukia upande mmoja miaka nenda miaka rudi yana sababu. Anayepeleka bei ya kweli hukataliwa, anayepeleka ndogo hupewa, na wote wawili wanalijua hilo kabla hawajafungua kalamu.

Uingereza wanao mradi wa reli ya mwendo kasi unaoitwa HS2. Ulitangazwa Machi 2010 kwa takriban pauni bilioni 30: kutoka London hadi Birmingham, kisha njia igawanyike tawi moja kwenda Manchester na jingine kwenda Leeds. Mwaka 2015 ilikuwa bilioni 55.7. Tathmini huru iliyotolewa mapema 2020 ikasema inaweza kufika bilioni 106. Novemba 2021 tawi la Leeds likakatwa. Oktoba 2023 waziri mkuu Rishi Sunak akalikata la Manchester, na alitangaza hilo akiwa Manchester. Kikabaki kipande cha London hadi Birmingham, kilomita 225 hivi, na Juni 2025 serikali ikakiri kwamba hata hicho hakitafunguliwa kufikia 2033 kama ilivyoahidiwa.

Walioandika mapitio wanarudia jambo moja: mikataba mikubwa ya ujenzi iliruhusiwa kuanza Aprili 2020 wakati michoro haijakomaa. Ukimwambia mkandarasi ajenge kitu ambacho hakijachorwa hadi mwisho, atakujibu kwa njia moja kati ya mbili. Ama atakutajia bei kubwa ya kufidia asiyoyajua, ama atasema sawa, nitajenga, wewe lipa gharama halisi na faida yangu juu yake. HS2 iliangukia zaidi upande wa pili, na hatari karibu yote ikabaki kwa mlipakodi. Sio mkandarasi aliyekuwa mbaya. Mimi nimekaa upande ule wa meza, na ningeshauri vilevile.

Watu wengi wanaikumbuka HS2 kwa popo. Karibu na msitu wa Sheephouse, Buckinghamshire, reli inafunikwa kwa kitu kama handaki la juu ya ardhi, urefu wa karibu kilomita moja, ili popo adimu wanaoishi msituni wasigongwe na treni. Gharama yake imezidi pauni milioni 100. Mwenyekiti wa kampuni ya mradi aliyelieleza hilo mwaka 2024 alitaja pia idadi ambayo ilinistua zaidi ya popo: vibali 8,276 ambavyo mradi ulihitaji kutoka kwa vyombo vingine vya umma. Popo siwalaumu, na sioni kosa kuwalinda. Swali la popo lingeulizwa siku ya kuchora mstari kwenye ramani, huenda mstari ungepita kwingine kwa gharama ya wino. Liliulizwa mstari ulipokwisha kuchorwa. Na vibali vile elfu nane vinatolewa na umma kwa mradi wa umma: mkono mmoja wa serikali unalipa mitambo isimame wakati mkono mwingine unasoma barua.

Kukata nako kuna gharama yake, na hili wanasiasa hawapendi kulisikia. Kituo cha Euston, London, kilichorwa kwa majukwaa kumi na moja, kikachorwa upya kwa kumi, kisha Machi 2023 kazi ikasimamishwa, kwa sababu bajeti yake ilikuwa pauni bilioni 2.6 na makadirio yalikuwa yamefika bilioni 4.8. Michoro ya kwanza ililipiwa, ya pili ikalipiwa, kusimamisha kukalipiwa. Ardhi ya matawi yaliyokatwa ilikuwa imeshanunuliwa kwa sehemu. Ukigawa pesa yote iliyotumika kwa kilomita zilizobaki, kila kilomita imekuwa ghali zaidi baada ya kubana matumizi kuliko kabla.

Kasi yenyewe nayo ina bei, na ni vyema kuijua inatoka wapi. Treni ya kilomita 300 kwa saa haiwezi kupinda kama basi. Kona yake inahitaji nusu kipenyo cha kilomita nne na zaidi, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo kona inavyonyooka. Mstari ulionyooka hivyo hauwezi kukwepa kilima, kanisa wala nyumba ya mtu. Hauna budi kupita juu kwa nguzo au chini kwa handaki, na hapo ndipo pesa inapolala. HS2 ilichorwa kwa kilomita 360 kwa saa, katika nchi iliyojaa watu, ndiyo maana ina mahandaki ya makumi ya kilomita. Wafaransa walipojenga Paris hadi Lyon, iliyofunguliwa mwaka 1981, waliitumia njia ile kwa treni za abiria peke yake, na treni nyepesi yenye nguvu hupanda mlima mkali kuliko treni ya mizigo. Wakaruhusu mteremko wa mita 35 kwa kila mita elfu moja. Njia ile mpya haina handaki hata moja. Uamuzi mmoja wa kiufundi, uliofanywa mapema na watu wanaojua kazi, umeokoa kuliko ukaguzi wowote ungeweza kuokoa baadaye.

Watu wanaojua kazi. Hispania ilifungua njia yake ya kwanza, Madrid hadi Sevilla, mwaka 1992, na leo mtandao wake wa karibu kilomita 4,000 ni wa pili duniani baada ya China, kwa gharama za kilomita moja ambazo ni miongoni mwa za chini kabisa Ulaya. Hawana saruji ya ajabu. Wana taasisi ya umma yenye wahandisi wake wenyewe, waliomaliza njia moja wakaanza nyingine bila kutawanyika, na wanaoweza kumwambia mkandarasi bei hii hapana, kwa sababu mwaka jana walilipa kiasi fulani kwa kazi ileile. California ilianza na watumishi wachache mno wa kudumu, ikategemea washauri wa kukodi. Mshauri ni mtu mzuri, lakini mkataba wake ukiisha anaondoka na alichojifunza kwa pesa yako.

China nao walifanya jambo ambalo mkadiriaji yeyote analiona kwa macho ya husuda. Walisanifu boriti ya zege ya mita 32, yenye uzito wa karibu tani 900, wakaijenga hiyohiyo maelfu kwa maelfu katika karakana kando ya njia, ikabebwa na mtambo unaotembea juu ya daraja lililokwisha kujengwa na kushushwa mahali pake. Nguzo kwa nguzo, boriti kwa boriti. Benki ya Dunia ilikadiria gharama zao kuwa karibu theluthi mbili ya za nchi nyingine. Deni lipo pia: shirika lao la reli linadaiwa zaidi ya yuan trilioni 6, na baadhi ya njia hazina abiria wa kutosha kulipa hata riba. Bei nafuu haigeuzi njia isiyohitajika kuwa njia inayohitajika. Ulaya wamelijifunza hilo kwa namna yao. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya waliandika mwaka 2018 kwamba kwenye njia walizozikagua treni zilikuwa zinakwenda kwa wastani wa asilimia 45 tu ya kasi ambayo njia ilijengewa. Kasi ilinunuliwa na haikutumiwa.

Kuhusu pesa binafsi nitasema kwa kifupi. Indonesia iliahidiwa mwaka 2015 kwamba reli ya Jakarta hadi Bandung haitagusa hazina ya nchi. Mwaka 2021 kanuni ya rais ikabadilishwa ili bajeti ya taifa iruhusiwe kuingia, na reli ikafunguliwa Oktoba 2023 kwa zaidi ya dola bilioni 7, ikiwemo nyongeza ya karibu bilioni 1.2 juu ya makadirio. Taiwan ilijengewa yake na kampuni binafsi, ikafunguliwa 2007, na kufikia 2009 serikali ilikuwa imeshika usukani. Njia ya Perpignan hadi Figueres, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, mwendeshaji wake alifilisika na nchi zote mbili zikaichukua. Reli haiwezi kuhamishwa wala kuuzwa vipande. Ikizama, mwenye nchi ndiye atakayeiopoa. Afadhali alijue hilo tangu mwanzo na aikope pesa mwenyewe, kwa riba ya serikali ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kampuni.

Napenda reli hizi zijengwe. Nasema hivi kwa sababu wanaotaja gharama mara nyingi wanataka zisijengwe, nami si mmoja wao. Morocco ilifungua reli yake ya mwendo kasi, Al Boraq, mwezi Novemba 2018, ya kwanza barani Afrika kufika kilomita 320 kwa saa. Ilizidi makadirio kwa kiasi cha kawaida cha ujenzi, ikaisha, na sasa wanairefusha kwenda Marrakech. Inawezekana. Ninachokiomba ni kwamba Bunge likae na michoro iliyokomaa, na ardhi iliyokwisha kununuliwa, na vibali vilivyokwisha kutolewa, hata kama maandalizi hayo yatachukua miaka minne ambayo hakuna utepe wa kukata. Miaka hiyo ni ya bei rahisi. Wanaolipwa ni wachoraji, wapima ardhi na wanasheria, na daftari la saa za mitambo bado halijafunguliwa. Kisha pesa yote ipitishwe kwa mara moja, imefungwa kwa sheria, mwaka kwa mwaka hadi mwisho, ili anayeagiza chuma aagize cha njia nzima. Kama pesa yote haipatikani, basi kijengwe kipande kifupi kinachoweza kubeba abiria peke yake, kimalizike, ndipo kingine kianze.

California, baada ya miaka kumi na saba, imepata kitu kinachokaribia hicho. Septemba 2025 wabunge wa jimbo walipitisha dola bilioni moja kila mwaka hadi 2045, kutoka kwenye mauzo ya vibali vya kutoa hewa ukaa. Peke yake haitoshi hata kwa kipande cha bondeni. Lakini ni pesa yenye tarehe inayojulikana, na juu ya pesa ya namna hiyo mtu anaweza kukopa, kuagiza na kupanga. Ningependa wangeipata mwaka 2008.

Yule dereva wa kijiko niliwahi kumuuliza, wiki ya sita, kwa nini haendi nyumbani akasubiri huko. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akasema kaka, nikiondoka, siku pesa ikija mtanitafuta wapi? Na ilipokuja, alipanda, akafunga mlango, akawasha, na mtambo ukakataa. Betri ilikuwa imekufa, na kutu ilikuwa imeingia mahali ambapo haikutakiwa. Fundi alichukua siku mbili. Nilifungua daftari nikaandika: kijiko kimoja, saa nane, kinatengenezwa.